Nauli ya Mhadhiri Mchanga: Kemia ya Supramolekuli na Safari Inayopitia Kyumbi

Kemia ya supramolekuli huchunguza jinsi molekuli zinavyoshikana bila kuunganishwa na bondi za kovalenti, zile bondi imara ambamo atomu huchangia elektroni. Kazi hapa hufanywa na kani dhaifu: mvuto kati ya chaji chanya na hasi, bondi za haidrojeni, na tabia ya sehemu zinazopenda mafuta kujitenga na maji. Kani moja ikiwa peke yake huvunjika upesi. Zikiwa nyingi na zikapangika vizuri, molekuli yenye uwazi katikati huweza kupokea ayoni (chembe yenye chaji) ya aina moja na kuikataa ya aina nyingine iliyo karibu kufanana nayo. Wanakemia huita ile yenye uwazi mwenyeji, na ile inayoingia mgeni. Emil Fischer alikwisha kulifananisha jambo hili na ufunguo na kufuli mwaka 1894, alipokuwa akieleza jinsi vimeng'enya vinavyochagua sukari, na hadi leo hakuna mfano ulioushinda huo.

Fani yenyewe ni changa. Charles Pedersen, aliyezaliwa Busan, Korea, mwaka 1904 na kufanya kazi katika kampuni ya DuPont nchini Marekani bila kuwa na shahada ya uzamifu, alipata mwaka 1962 fuwele nyeupe ambazo hakuzikusudia. Zilikuwa kama asilimia 0.4 tu ya zao la jaribio lake, kiasi ambacho wengi wangekimwaga kwenye sinki. Yeye alikichunguza, akakuta molekuli yenye umbo la pete iliyo na atomu za oksijeni, na uwazi wake uliitosha ayoni ya potasiamu. Pete za namna hiyo zilikuja kuonyeshwa kwa jaribio ambalo wanafunzi hawalisahau. Pamanganeti ya potasiamu haiyeyuki katika benzini, lakini ukitia pete hizo, potasiamu inamezwa, pamanganeti inaifuata kwa kuwa chaji zao haziachani, na benzini isiyo na rangi inageuka zambarau. Pedersen alichapisha matokeo yake mwaka 1967. Jean-Marie Lehn wa Ufaransa aliipa fani jina lake mwaka 1978, na mwaka 1987 wawili hao pamoja na Donald Cram walipewa Tuzo ya Nobel. Ile ya kemia ya 2016 iliyokwenda kwa Sauvage, Stoddart na Feringa kwa mashine za molekuli ilitoka katika ukoo huo huo, na ya 2025, ya Kitagawa, Robson na Yaghi, ilihusu miundo ya metali na molekuli za kikaboni yenye vyumba vya kupokea wageni kama gesi na mvuke wa maji.

Mtu anaweza kuuliza haya yanamhusu nini mkazi wa Kyumbi, pale barabara ya Machakos inapokutana na ile ya Mombasa. Yanamhusu kupitia maji ya kisima. Kyumbi iko katika ukanda mkavu, karibu na nyanda za Athi na Kapiti zilizotandikwa mawe ya volkano. Katika sehemu nyingi za Kenya zenye mawe ya namna hiyo, Bonde la Ufa likiwa mfano mkubwa, maji ya visima virefu huchukua floraidi kutoka kwenye mwamba. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Maji yakizidisha hapo kwa miaka, meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia, na kiwango kikipanda zaidi mifupa huathirika. Kuchemsha hakusaidii, kwa sababu maji hupungua na floraidi hubaki ile ile. Visima viwili vilivyo jirani vinaweza kutofautiana sana, kwa hiyo kisima hujulikana kwa kupimwa tu.

Njia zilizozoeleka za kuiondoa floraidi ni mkaa wa mifupa, uliotumika Nakuru na kufanyiwa utafiti katika kituo cha Ngurdoto karibu na Arusha, na mchanganyiko wa shabu na chokaa uliobuniwa India. Kemia ya supramolekuli inaongeza kitu kingine, yaani molekuli inayoitambua floraidi kati ya ayoni nyingine zote za kisimani. Mwaka 1996 kundi la Jonathan Sessler wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, lilionyesha kuwa kaliksi-piroli, pete yenye piroli nne, huishika floraidi kwa nguvu kwa kutumia haidrojeni zake nne zilizogeukia ndani. Cha kuvutia ni kwamba molekuli yenyewe ilikuwa imetengenezwa na Adolf von Baeyer tangu 1886, kwa kuchanganya piroli na asetoni palipo na asidi. Uwezo wake wa kuishika floraidi ulikaa miaka 110 bila kuonyeshwa. Hata hivyo kuna kikwazo cha kweli. Matokeo ya mwanzo yalipatikana katika vimumunyisho vya kikaboni, ilhali floraidi ndani ya maji huzungukwa na molekuli za maji zinazoing'ang'ania, na mwenyeji lazima azishinde hizo kwanza. Kuvuka kutoka kwenye kimumunyisho hadi kwenye jerikeni la maji ya kisima ni kazi ya miaka, na ni kazi inayomfaa mhadhiri kijana anayetafuta swali la kujijengea jina.

Mhadhiri kama huyo akiwa Chuo Kikuu cha Machakos, kilichopata hati yake mwaka 2016, hatakosa maswali. Atakachokosa ni watu wa kujadiliana nao. Katika idara ya kawaida ya kemia nchini, wanaofanya kemia ya supramolekuli wakiwapo ni mmoja au wawili. Wengi wako kwenye dawa za mitishamba, uchafuzi wa mazingira na kemia ya chakula. Hata barani Afrika vituo vya fani hii vinahesabika, na vinavyojulikana zaidi viko Cape Town na Stellenbosch, Afrika Kusini. Ndiyo maana kongamano lina uzito kuliko linavyoonekana kwenye ratiba.

Kongamano kuu la fani ni lile la kimataifa la kemia ya makrosaikli na supramolekuli, linalojulikana kwa herufi ISMSC. Mizizi yake ni mkutano uliofanyika Provo, jimbo la Utah, mwaka 1977. Mwaka 2022 lilikuwa Eugene, Oregon, na 2023 likawa Reykjavik, Iceland. Humo hutolewa Tuzo ya Cram Lehn Pedersen, iliyowekwa mahsusi kwa mtafiti ambaye hajapitisha miaka 10 tangu apate shahada ya uzamifu. Hotuba za wakubwa huchukua asubuhi, lakini kwa mhadhiri mchanga faida kubwa haiko kwenye hotuba, kwa sababu yaliyomo mengi yamekwisha kuchapishwa. Faida iko kwenye ukumbi wa mabango.

Bango ni karatasi kubwa yenye matokeo, na mwenye nalo husimama kando yake kwa saa mbili hivi. Anayepita husoma kichwa, akivutiwa husimama. Tuseme bango linaonyesha majaribio ya kuongeza mgeni kidogo kidogo. Mwenyeji ameyeyushwa ndani ya kijibomba chembamba cha milimita 5, floraidi imetiwa kwa mikrolita, na kila mara mashine ya NMR, inayosoma viini vya atomu kwa sumaku kali, imechora mahali ilipo alama ya haidrojeni ya piroli. Alama inahama kadiri mgeni anavyoongezeka hadi mahali inapotulia, na kutokana na mkunjo huo hukokotolewa nguvu ya kushikana. Mtaalamu aliyefanya majaribio kama hayo mara elfu ataona kwa sekunde chache kama nukta ni chache mno, au kama modeli ya mmoja kwa mmoja haifai kwa sababu wageni wawili wanaingia. Mhakiki wa jarida angeyasema hayo hayo baada ya miezi sita, kwa barua ya kukataa makala. Pale kwenye bango yanasemwa kwa dakika tano, na mara nyingine huja na ahadi: tuma sampuli, tutaipima kwetu. Mashine za NMR ni chache mno nchini Kenya, na zile za kuchunguza fuwele kwa miale ya eksirei ni adimu zaidi. Ahadi ya namna hiyo inaweza kuwa tofauti kati ya makala iliyokamilika na faili inayolala kwenye kompyuta.

Tatizo ni kwamba mhadhiri mchanga ndiye anayeangukia kwenye pengo. Mwanafunzi wa uzamifu ana misaada yake ya safari. Vyama vya kemia na waandaaji humtengea punguzo la ada ya usajili na fungu la nauli. Profesa mkongwe ana ruzuku ya utafiti yenye kifungu cha safari, au hualikwa kuhutubia na kulipiwa kila kitu. Yule aliyepata shahada miaka mitatu iliyopita amepoteza kadi ya mwanafunzi na bado hajapata ruzuku. Anafundisha kozi nyingi zenye madarasa makubwa, anasahihisha mitihani, na kupandishwa cheo kwake hupimwa kwa machapisho na kwa wanafunzi aliowasimamia. Mshahara nao si wa kutegemea kwa safari kama hizi. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma nchini waligoma kwa siku 49 wakidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya 2017 hadi 2021.

Gharama zenyewe huja kwa mafungu, na kila fungu lina tarehe yake. Ikisiri hutumwa miezi kadhaa kabla ya mkutano. Ikikubaliwa, ada ya usajili hulipwa mapema ili kupata bei nafuu. Kwa mkutano wa Ulaya, ombi la viza ya Schengen haliwezi kupelekwa zaidi ya miezi sita kabla ya safari wala chini ya siku 15, na uamuzi wenyewe huweza kuchukua siku 15 au kusogezwa hadi 45. Ada ya viza ilipanda Juni 2024 kutoka euro 80 hadi 90, zaidi ya shilingi 12,000 za Kenya, na hairudishwi ombi likikataliwa. Bima ya safari lazima iwe na kinga ya angalau euro 30,000. Afisa wa ubalozi hutaka kuona akaunti ya benki yenye fedha za kutosha, barua ya mwajiri, na mahali pa kulala palipokwisha kuwekwa. Pesa za kwanza, kwa hiyo, hutoka mfukoni kabla hata ya kujulikana kama safari ipo.

Hapa ndipo misaada mingi inapokosea, hata ile ya nia njema. Mfadhili huandika kwamba atarejesha gharama baada ya safari, kwa stakabadhi. Kwa mhadhiri wa chuo tajiri hilo ni jambo la kadi ya benki na kusubiri wiki chache. Kwa mhadhiri wa Machakos ni mkopo wa SACCO unaoanza kukatwa kwenye mshahara mwezi unaofuata, wakati marejesho yanaweza kuchukua miezi, tena yakapungua kwa mabadiliko ya thamani ya fedha na makato ya benki. Kwenye ofisi za umma kuna masurufu, fedha zinazotolewa kabla ya safari na kufanyiwa hesabu baadaye, lakini idara yenye madeni haina cha kutoa. Mwaka 2023 serikali ilibana pia safari za nje za watumishi wa umma, makongamano yakiwa miongoni mwa zilizoguswa. Msaada unaolipa moja kwa moja tiketi, ada na chumba, huku posho ikitolewa mtu anapofika, unaweza kuwa na kiasi kile kile cha pesa na bado ukamfikia mtu ambaye ule wa marejesho haumfikii kabisa.

Marekani ina utaratibu wa kuigwa kwa sehemu. Mfuko wake wa Taifa wa Sayansi, NSF, huwapa waandaaji wa mikutano ruzuku ndogo za kulipia wahadhiri walio mwanzoni mwa kazi, ili wasiachwe nyuma na wanafunzi wala wazee wa fani. Wazo ni zuri, ila fedha hizo kwa kawaida ni kwa walio katika vyuo vya Marekani. Mwenzao wa Kenya huwa na mlango mwingine kabisa wa kubisha.

Milango hiyo ipo, japo imetawanyika. Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Sweden kilianzisha mwaka 1961 mpango wa kimataifa wa sayansi, ambao uliingiza kemia mwaka 1970 na kwa miongo kadhaa ukazifadhili idara na mitandao ya Afrika Mashariki, ukiwemo NAPRECA, mtandao wa utafiti wa mazao asilia ulioundwa 1984. Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza hutoa ruzuku ndogo za safari kwa wanachama wake. Kwa ushirikiano na kampuni ya Syngenta, chama hicho kilianzisha mwaka 2007 Mtandao wa Kemia wa Afrika Nzima, ambao mafunzo yake ya kutumia mashine za uchambuzi yamefanyika katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, Juja. Shirika la Kuzuia Silaha za Kemikali, lenye makao The Hague, lina mpango wa kusaidia mikutano ya kemia yenye matumizi ya amani. Wachache hulifikiria, pengine kwa sababu ya jina lake. Nchini, Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kuutajia asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Fedha zilizotolewa hazijawahi kukaribia kiwango hicho. Kama zingekaribia, makala haya yangekuwa mafupi.

Mkutano wa mtandaoni ulionekana kuwa jibu wakati wa janga la korona, nao umebaki na manufaa yake: hotuba husikilizwa kutoka popote, bila viza. Lakini ukumbi wa mabango haujapata mbadala mzuri kwenye skrini. Mtu hapiti kwa bahati mbele ya bango la mtandaoni. Hulifungua kwa makusudi, na hakuna anayefungua bango la asiyemjua.

Njia yenye matumaini zaidi ni kuuleta mkutano karibu. Kristalografia, elimu ya fuwele ambayo mwanakemia wa supramolekuli huitegemea ili kuona mgeni alivyokaa ndani ya mwenyeji, imefanya hivyo. Kongamano lake la Afrika Nzima lilianzia Dschang, Cameroon, mwaka 2016, likaenda Accra 2019, na Januari 2023 likafika Nairobi. Kwa mhadhiri wa Machakos, hiyo ni nauli ya matatu kupitia Kyumbi na Athi River, bila ubalozi wala bima ya euro. Mikutano ya NAPRECA nayo imezunguka Kampala, Kinshasa na Nairobi. Mikutano ya jirani haichukui nafasi ya ule mkubwa wa dunia, kwa kuwa wataalamu wa pete na ayoni huja wachache, lakini mhadhiri aliyekwisha kutetea bango lake Nairobi huenda Ulaya akijua maswali atakayoulizwa. Upande wa pili wa Kyumbi, kwenye barabara ya kuelekea Mombasa, mji wa teknolojia wa Konza una nafasi ya kupokea mikutano ya namna hii, na Chuo Kikuu Huria cha Kenya kimekuwa na makao huko tangu kilipopata hati yake Agosti 2023.

Kinachofuata baada ya kurudi ndicho wafadhili hukiuliza vibaya. Ripoti inayotakiwa wiki mbili baada ya safari huwa na picha, stakabadhi na maneno ya shukrani, na haiwezi kuwa na zaidi ya hayo, kwa sababu hakuna kilichokwisha kutokea. Swali lenye maana ni la mwaka mmoja baadaye: sampuli zilipimwa wapi, makala ipi imeandikwa na nani, mwanafunzi gani wa uzamili amepata msimamizi wa pili. Majibu yake yana gharama ambazo tiketi ya ndege haikuzigusa. Kutuma sampuli nje hulipiwa na kampuni ya usafirishaji na huhitaji karatasi za forodha zinazotaja kemikali iliyomo. Vimumunyisho vyenye deuteriamu, ambavyo majaribio mengi ya NMR huvihitaji, huuzwa kwa mililita, na bei yake humtisha mkuu wa idara. Mkutano wa pili nao huhitaji ada, na mara nyingi ndio huo unaozaa ushirikiano, kwa kuwa mara ya kwanza watu hufahamiana na mara ya pili hukumbukana. Baadhi ya wapangaji wa misaada wameanza kutenga fungu dogo la baada ya safari kwa mahitaji haya, pamoja na fungu la kabla yake la kulipia viza na bima. Kwa mhadhiri anayetafuta mwenyeji wa floraidi atakayefanya kazi kwenye maji ya kisima, mafungu hayo mawili madogo yana uzito sawa na tiketi yenyewe.